Gambiti ya Isyonje

Hatua ya tano ndiyo iliyowanyamazisha watu ukumbini.

Hadi hapo mchezo wa sataranji ulikuwa umekwenda kama wengi walivyotarajia. Tulinagwe Mwasanguti, msichana mwenye kete nyeupe, alifungua kwa gambiti ya mfalme. Katika hatua ya pili tu alisukuma askari wake mmoja hadi katikati ya ubao na kumwacha aliwe bure. Hiyo ndiyo gambiti: unatoa kete yako mapema, mwenzako anapoteza muda kuila, nawe unapata nafasi ya kushambulia kabla hajajipanga. Rehani Abdulwakili, bingwa wa Unguja, mzee wa miaka sitini ambaye hakuwa ameshindwa hata mara moja tangu mwaka uanze, alimla yule askari. Kisha akaanza kusukuma askari wake mwenyewe ili amfukuze farasi wa Tulinagwe.

Mtu yeyote angemwondoa farasi. Tulinagwe alimwacha palepale, akaenda kumhifadhi mfalme wake kando ya ngome kana kwamba hakuona kitu.

Minong'ono ikazuka, kisha ikazimika. Rehani akamla farasi. Tulinagwe akatoa askari wa pili. Rehani akamla. Katika hatua ya nane msichana akamchukua askofu wake, akamtupa mbele ya mfalme wa mzee, na Rehani akamla naye pia, safari hii mkono wake ukisitasita. Juu ya jukwaa kulikuwa na taa zinazoonyesha mapigo ya moyo ya wachezaji, kitu ambacho watazamaji wa siku hizi wanakipenda kuliko hata kete zenyewe. Mapigo ya Rehani yalikuwa mia moja na kumi na nane. Ya Tulinagwe yalikuwa sitini na moja. Mtu anayesubiri chai iive huwa na mapigo kama hayo.

Katika hatua ya ishirini na tatu mfalme wa Rehani alikuwa katikati ya ubao, peke yake, amezungukwa. Mzee akamlaza ubaoni, ishara ya kukubali kushindwa.

Watu walisimama. Mama yake Tulinagwe, aliyekuja Mbeya kutoka Tukuyu kwa ajili ya mchezo huo, alipiga vigelegele hadi kitenge kikamdondoka begani. Kaka yake, Anyelwisye, alimbeba mchumba wake Sekela kwa furaha, kisha akakumbuka kwamba Sekela ana mimba ya miezi mitano, akamweka chini taratibu kama anayeweka mayai.

"Shikamoo, mzee," Tulinagwe alisema akimpa Rehani mkono. "Samahani kwa usumbufu."

"Marahaba, binti yangu." Rehani hakuuachia mkono upesi. "Nimecheza gambiti ujana wangu wote. Ukimtoa farasi, tumbo linakata. Hata kama umeshapiga hesabu, linakata tu. Wewe nilikuwa nakutazama. Hukuwa unatoa kitu."

Tulinagwe akacheka. Alidhani amesifiwa.

*

Miaka miwili nyuma asingeweza kucheza vile. Alikuwa mchezaji anayeona kila shambulio na haanzishi hata moja. Michezo yake mingi ilikwisha kwa sare, naye alirudi nyumbani akijilaumu kwa hatua alizoziogopa.

Kilichombadilisha kilianza kwa kaka yake. Anyelwisye alikuwa fundi katika handaki la reli lililoporomoka. Alifukiwa kwa saa kumi na tisa, mwenzake akimfia mgongoni. Alipotolewa hakuwa na jeraha kubwa, lakini hakutoka tena chumbani kwake kwa miaka mitatu. Mlango ukifungwa alipiga kelele. Ukiachwa wazi alitetemeka.

Daktari Subilaga Kyando ndiye aliyemrudisha. Katika maabara yake ndogo pale Mbeya alikuwa ametengeneza kitu alichokiita Chembe, kidogo kama punje ya mchele, kinachopachikwa nyuma ya sikio. Kutoka hapo kinasikiliza sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hofu, na kengele inapotaka kulia, kinaituliza. Hakigusi huzuni, hakigusi upendo, hakigusi kumbukumbu. Ndivyo daktari alivyoeleza, na ndivyo ilivyoonekana. Juma la pili baada ya kupachikwa Chembe, Anyelwisye alitoka nje kwa miguu yake, akaenda dukani kununua sukari. Mama yao alilia siku nzima. Sasa Anyelwisye alikuwa mwalimu wa hisabati, mwenye mchumba na mtoto njiani.

Wagonjwa mia mbili na kumi na wanne walikuwa wakiishi hivyo. Baada yao daktari alitaka kujua Chembe itawafanya nini watu wazima wa afya, wale ambao kazi zao zinahitaji utulivu. Akachukua madereva kumi na wawili wa magari ya wagonjwa, na mchezaji mmoja wa sataranji.

*

Asubuhi iliyofuata Tulinagwe alikuwa anawapeleka mama yake na Sekela Tukuyu. Anyelwisye alibaki, alikuwa na vipindi. Gari lilijiendesha lenyewe hadi kilele cha Isyonje. Hapo taa nyekundu ikawaka kwenye usukani: mvua za juma lile zilikuwa zimeangusha mnara wa mawasiliano, na kwenye mteremko kila dereva alitakiwa kuendesha kwa mikono yake.

Sekela alikaa mbele. Mama alikaa nyuma, upande wa kushoto, akiwa na kapu la ndizi mapajani, akitaja majina ya wajukuu.

"Akiwa wa kike aitwe Tupokigwe."

"Mama, hilo refu mno," Sekela alisema akicheka. "Mwalimu atachoka kuita mahudhurio."

"Mwalimu si ni baba yake? Achoke."

Mbele foleni ilikuwa imesimama, basi na magari matano hivi, kwa sababu ya matope. Tulinagwe akasimama nyuma yao. Akasikia honi. Akatazama kioo, akaona lori la viazi likiteremka nyuma yao, matairi yakifuka moshi, dereva akipunga mkono mmoja nje ya dirisha kama anayefukuza kuku.

Alikuwa na sekunde mbili hivi. Kwake zilikuwa nyingi.

Kushoto kulikuwa na mtaro wa mawe. Gari lingetumbukia, pengine lingepinduka, na nani angetoka mzima asingejua mtu; wote watatu wangekuwa na bahati sawa. Kulia kulikuwa na nafasi ya gari moja, na ng'ambo yake mashamba ya chai. Akikata usukani kulia sasa hivi, lori lingegonga kona ya nyuma ya kushoto na kulirusha gari kwenye chai. Walio mbele wangesalimika, karibu kwa uhakika.

Akatazama kioo tena. Mama yake alikuwa ameacha kuongea. Macho yao yakakutana.

Wazo lililompitia Tulinagwe lilikuwa jepesi, karibu la furaha. *Nafasi ipo.*

Akakata usukani.

*

Kila mtu alimsifu. Dereva wa basi alisimulia mara tano, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, jinsi yule dada alivyoligeuza gari kama anayegeuza chapati. Polisi wa usalama barabarani alisema kwa miaka yake yote hajaona utulivu wa namna ile. Msichana alitoka garini bila hata mkwaruzo, akamvuta Sekela nje, akaingia nyuma, akamfunga mama yake paja kwa mkanda ili damu isimame, akapiga simu na kutaja mahali walipo bila kukosea neno.

Sekela alipimwa hospitalini. Mtoto alikuwa salama. Mama alikuwa amevunjika nyonga na mbavu nne, na wengu ulipasuka. Alipasuliwa kwa saa sita.

Tulinagwe alikaa kwenye benchi la korido. Muuguzi mmoja akamletea chai na maandazi, akamwambia ajilazimishe kula walau kidogo. Hakuhitaji kujilazimisha. Alikula andazi la kwanza, la pili, na alipokuwa anachukua la tatu akaona mkono wake mwenyewe. Ulikuwa umetulia kabisa. Chini ya kucha kulikuwa na damu ya mama yake.

Akaliweka andazi chini.

Akarudi kichwani hadi kwenye gari. Hakuwa na shida ya kukumbuka, kila kitu kilikuwa wazi kama mchezo ulioandikwa. Aliuona mtaro. Aliiona nafasi. Aliona pia kitu ambacho hakuwa amekitazama vizuri hadi wakati ule: katika zile sekunde mbili hakuwa amesema moyoni "mama." Alikuwa amesema "kona ya nyuma."

Anyelwisye alifika mbio, shati limetoka suruali, akamkumbatia. "Umemwokoa Sekela," alikuwa akirudia. "Umeniokolea mtoto. Mungu akubariki, Tuli. Mungu akubariki."

Naye alisimama mikononi mwa kaka yake kama kinyago.

*

Siku ya tatu mama aliweza kuzungumza. Aliomba wengine watoke.

"Sekela mzima?"

"Mzima, mama. Na mtoto."

"Mungu ni mwema." Alipumzika kidogo, mbavu zilimwuma kwa kila pumzi. "Uliniangalia, mwanangu."

Tulinagwe alinyoosha shuka.

"Kwenye kile kioo. Uliniangalia kabla hujakata."

"Ndiyo, mama."

"Ukaona ni mimi."

"Nilikuona."

"Nimekuzaa, nakujua macho yako. Ukiogopa nayajua, ukidanganya nayajua. Yale sikuyajua." Mama aligeuza uso taratibu kwenye mto. "Uliniangalia kama ulivyokuwa unamwangalia yule farasi juzi. Ndipo nikajua nimeshatolewa."

"Mama, nilikuwa napiga hesabu ya..."

"Najua ulikuwa unapiga hesabu. Wala sikulaumu kwa hesabu. Sekela ana mtoto tumboni, mimi nimeshaishi. Ungeniuliza, ningesema chukua mimi, hata nusu ya sekunde nisingefikiri." Machozi yalimtiririka kuelekea sikioni, na hakuweza kuinua mkono kuyafuta. "Lakini hukuniuliza. Na haikukuuma. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si hii nyonga."

Tulinagwe alichukua kitambaa, akamfuta. Alitaka kusema kwamba iliuma. Alifungua mdomo, akaufunga. Ungekuwa uongo, na mama angeyajua macho.

*

Daktari Kyando alikuwa na kishikwambi mezani, na furaha aliyokuwa akijitahidi kuificha kwa sababu ya mgonjwa.

"Mama anaendeleaje? Nimeongea na daktari wake, atatembea, japo kwa fimbo. Kaa, Tulinagwe. Kuna kitu lazima ukione." Akamgeuzia kioo cha kishikwambi. Kulikuwa na mstari wa buluu ulionyooka kama barabara ya jangwani. "Hii ni hofu yako katika zile sekunde. Hakuna. Unaelewa maana yake? Alhamisi Baraza la Majaribio ya Tiba linakaa kuamua kama madereva wote wa mabasi wapewe Chembe. Nimekuwa nikiwaonyesha michezo yako, gambiti zako, nao wanasema ni michezo tu. Sasa nina barabara. Nina watu watatu walio hai."

"Na huu hapa?" Tulinagwe aliweka kidole. Chini ya mstari wa buluu kulikuwa na mwingine mwekundu, mwembamba, na mahali pamoja ulikuwa umeruka juu kama mwiba.

"Ah, huo ni kile ubongo ulichotaka kufanya kabla Chembe haijatuliza. Hauhusiki."

"Hapa nilikuwa nafanya nini?"

Daktari aliongeza ukubwa wa picha, akalinganisha na kumbukumbu ya gari. Alikuwa mkweli, hilo halina ubishi. Hakusita kusoma. "Sekunde moja nukta nne. Ulikuwa unatazama kioo cha nyuma."

"Nilikuwa namtazama mama yangu."

"Basi hapo ubongo wako ulitaka kupiga kelele, na Chembe ikaunyamazisha. Ni jambo la kawaida. Mshtuko wa namna hiyo hula robo sekunde. Uliiokoa robo sekunde, na robo sekunde hiyo ndiyo iliyowaokoa."

Tulinagwe alikitazama kile kimwiba chekundu. Kilikuwa kidogo, kama ukucha wa mtoto. Kwa siku nne alikuwa amejiona mnyama, mtu asiye na mama moyoni. Kumbe kelele ilikuwepo. Alikuwa ameipiga, na mtu akamziba mdomo kutoka ndani.

"Izime," alisema.

"Subiri hadi Alhamisi ipite. Baraza litataka..."

"Daktari, izime. Ni haki yangu, nilisaini."

Subilaga Kyando aliondoa mkono kwenye kishikwambi. "Bila Chembe ungeganda. Mngekufa wote watatu. Ulifikirie hilo."

"Pengine ningeganda. Wewe umejuaje?"

Daktari akagusa kishikwambi mara tatu.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Tulinagwe alisikia feni, akasikia pikipiki nje. Kisha lori likaja. Lilikuja lote kwa pamoja, na honi yake, na moshi wa matairi, na kwenye kioo macho ya mama yake yaliyokuwa yanajua. Alishika meza kwa mikono miwili. "Mama!" alipiga kelele, kelele iliyochelewa siku nne, "Mama! Mama!" hadi wahudumu wakaingia mbio, na daktari akawa amesimama ukutani, mkono mdomoni, uso umembadilika rangi.

*

Kanuni ya majaribio ilikuwa sentensi moja. Mshiriki yeyote akitoa ushahidi mbele ya Baraza kwamba Chembe imechangia kuumiza mtu, Chembe zote zinazimwa siku hiyohiyo hadi uchunguzi uishe. Zote, za madereva na za wagonjwa.

Jumatano, baada ya kengele ya mwisho, alimkuta kaka yake darasani akifuta ubao. Alimweleza yote: mtaro, nafasi, kioo, mwiba mwekundu. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka tangu juzi na hakujua kuizuia, alikuwa amesahau jinsi watu wanavyoishi na mikono ya namna ile.

Anyelwisye alisikiliza hadi mwisho, kitambaa cha kufutia ubao mkononi.

"Kwa hiyo kesho utakwenda kusema."

"Nimekuja kukuambia kwanza. Kwa mama nilikosa kuuliza. Kwako nataka kuuliza."

"Na nikikataa?"

Tulinagwe alitazama pembeni.

"Basi huulizi, Tuli. Unanipa taarifa." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Unakumbuka nilikuwa nakunywa maji kwenye nini? Kwenye sufuria, kwa sababu mdomo wa kikombe ulinikumbusha lile tundu nililokuwa napumulia. Mtoto wangu anazaliwa baada ya miezi minne. Unataka anikute wapi? Chini ya kitanda?"

"Kesho wanapitisha Chembe kwa madereva wa mabasi. Dereva wa basi ana watu sitini nyuma yake, kaka. Sitini. Nani kati yao atakuwa kona ya nyuma?"

"Wale sitini siwajui! Mimi unanijua!" Akarusha kitambaa, vumbi la chaki likatawanyika hewani kati yao. "Unasema Chembe ilikufanya utoe watu. Sasa imezimwa, na bado unatoa mtu. Tofauti iko wapi?"

Tulinagwe alikuwa analia. "Sasa inauma," alisema.

"Itanisaidia nini mimi ikikuuma wewe?"

Tulinagwe aliondoka, akamwacha kaka yake akitazama ubao uliofutwa nusu.

*

Alhamisi saa nne asubuhi chumba cha Baraza kilijaa. Kwenye safu ya mbele walikaa wale madereva kumi na wawili wa magari ya wagonjwa, wamevaa sare zilizopigwa pasi. Walikuwa wameitwa kumuunga mkono daktari. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Tulinagwe alimwona Anyelwisye. Hakujua amekuja kufanya nini. Kaka yake hakumtazama.

Daktari Kyando aliitwa kwanza. Watu walitegemea aanze na ajali ya Isyonje. Alisimama na kishikwambi chake, akakizima, akasema kwa sauti iliyokauka kwamba angependa mshiriki wake azungumze kabla yake.

Tulinagwe alisimama. Karatasi aliyoiandika ilimtetemeka mkononi kiasi kwamba maandishi hayakusomeka, akaiweka mezani, akasema bila karatasi. Alisema kwa kifupi. Aliwaeleza alichokiona, alichokifanya, na alichokisikia moyoni wakati anakifanya. Aliwaambia kuhusu maandazi.

Mwenyekiti wa Baraza, mama mmoja mnene mwenye miwani, aliuliza, "Binti, kama usingekuwa na Chembe, ungefanya nini pale?"

"Sijui, mheshimiwa. Pengine ningeganda tukafa wote. Pengine ningeingia mtaroni. Pengine ningefanya vilevile nilivyofanya, nikilia. Sijui, na ningeomba mwandike hivyo, kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba pale kwenye kioo kulikuwa na mtu, na mimi sikumkuta."

Akakaa.

Mwenyekiti alikuwa anafungua mdomo wakati kiti kiliposogea safu ya mbele. Mmoja wa wale madereva alikuwa amesimama, mwanamume wa miaka arobaini hivi, kofia mkononi. Alijitambulisha kwa jina la Edom Nsemwa.

"Nina swali," alisema, kisha akanyamaza, kama aliyesahau swali. Alipoendelea sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayetoa ripoti. "Mwezi wa tatu nilikuwa nampeleka mama mjamzito aliyekuwa anatokwa damu. Darajani kulikuwa na mwendesha baiskeli. Kama ningefunga breki ningepoteza dakika, na yule mama hakuwa na dakika. Nikapita. Nilisikia kishindo ubavuni mwa gari. Mama yule alipona, na mtoto. Nilipewa cheti."

Alikuwa akiizungusha kofia polepole.

"Sikusimama. Sikurudi. Jioni niliosha gari. Mheshimiwa, ni miezi saba sasa, na sikuwahi kujiuliza yule wa baiskeli alikuwa nani. Si kwamba nilificha. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu wa kumuulizia. Nimewaza sasa hivi, huyu dada alipokuwa anaongea." Akawageukia wenzake, kisha daktari. "Swali langu ni hilo. Naweza kwenda wapi kumuulizia?"

Mwanamke mmoja upande wa wageni alitoa sauti, si kilio, ni pumzi tu iliyokatika. Daktari Kyando alikaa chini taratibu, akafunika uso. Na kwenye ile safu ya mbele, Tulinagwe aliona dereva wa pili akiinamisha kichwa, halafu wa tatu, wakitazama sakafu kama watu wanaosoma kitu kilichoandikwa pale tangu zamani.

*

Uamuzi ulichukua chini ya saa moja. Chembe zote zingezimwa siku hiyo, wagonjwa wakiwa chini ya uangalizi, wawili wawili. Uchunguzi ungechukua miezi sita, labda zaidi. Mwenyekiti alisema wagonjwa wangefikiriwa kwanza. Alisema hivyo mara mbili, kama anayejua kwamba hilo halitoshi.

Anyelwisye aliomba awe wa kwanza. Alisema hataki kusubiri akiwahesabu wengine.

Walimweka kwenye chumba chenye madirisha makubwa upande wa pili wa korido. Sekela alisimama mguuni mwa kitanda, mikono tumboni. Tulinagwe alibaki mlangoni, hana uhakika kama anatakiwa, hadi kaka yake aliponyoosha mkono kuelekea kwake bila kumtazama. Akaenda, akaushika.

Daktari, macho yakiwa mekundu, akagusa kishikwambi mara tatu.

Walisubiri. Anyelwisye alikuwa anatazama dari. Tulinagwe aliuona wakati wenyewe ulipofika, kwa sababu alikuwa ameupitia: kwanza vidole vilikaza, kisha shingo, kisha macho yakaanza kupima dari ile, umbali wake, uzito wake. Jasho likamtoka lote kwa pamoja. Meno yakaanza kugongana. Alijaribu kuinuka, akashindwa, akavuta pumzi kwa sauti mbaya ya mtu anayepumua kupitia mchanga.

"Madirisha yako wazi, kaka. Yote. Sikia upepo. Uko juu, uko juu ya ardhi."

Ilichukua muda mrefu kabla hajaweza kusema.

"Sijakusamehe," alisema kati ya pumzi na pumzi.

"Najua."

Kitanda kilikuwa kinatikisika pamoja naye. Kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye ngozi ya dada yake, na damu ilianza kuonekana.

"Basi usiniachie mkono."